Tangi Halina Miguu

6 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya mwaka mpya ilifika imelowa kona moja, lakini maneno yote yalisomeka, hata yale ya kunigombeza. Huku tu wazima. Mke wangu anakusalimu. Mtoto wa pili anaota meno na ameamua kwamba asipolala yeye halali mtu. Natumaini huko kituoni kwenu baridi imelegea na lile gari la chakula linafika kama kawaida, maana nikikaa sana bila barua yako huwa nasema labda wale ndege unaowachunguza wamekuposa.

Habari kubwa ni kwamba mama amehamia nyumba mpya. Nimemjengea vyumba viwili, jiko ndani, dirisha kubwa mbele na kibaraza nyuma. Mwanzoni alikataa, unamjua, akasema nyumba ya zamani inamtosha kufia. Nikamwambia hii ni ya kuishi, si ya kufia. Macho yake ni yale yale, kuandika hawezi tena, kwa hiyo kila nikipita kumwona ananipa salamu zako na kunirudisha nyuma nikikosea neno, kama vile niko darasa la kwanza. Safari hii amesema: "Mwambie dada yako sijambo. Mlango wa chumbani unakwama, fundi ameuranda mara mbili na bado. Vyura nawasikia karibu kuliko zamani. Na nina kigoda changu cha zege kibarazani, kizito, hakiibiki. Hapo ndipo ninapokaa asubuhi." Ndiye mama huyo. Umjengee jumba, atasifia kigoda.

Sasa la kazi. Ripoti ya bwawa ya mwaka wa tano imefika wakati wake. Huna haja ya kukumbushwa masharti, uliyaandika wewe: tumeruhusiwa kujenga nyumba kwenye shamba la baba kwa ahadi kwamba bwawa litabaki na maji yake, matete yake na viumbe wake, na kila mwaka kwa miaka thelathini ofisi ya mazingira ipelekewe picha na maelezo yenye sahihi yako ya wino. Mwaka huu wamekaza. Bila ripoti hawatoi vibali vya watu kuhamia mstari wa mwisho wa nyumba, na wanunuzi wamegeuza baraza langu kuwa kijiwe.

Picha hizi hapa. Nimepiga mwenyewe, nikiwa nimesimama kwenye kigingi, kama ulivyonifundisha. Utaona matete yalivyostawi. Saini, rudisha na gari hilo hilo, nasi tutakuombea dua.

Mdogo wako asiye na makuu,
Bosi


2 Machi

Bosi, mdogo wangu,

Marahaba. Asiye na makuu hajiiti Bosi, lakini jina hilo tulikupa wenyewe siku uliyokataa kutumwa chumvi ukiwa na miaka minne, kwa hiyo na tuvune tulichopanda. Mpe pole mkeo kwa kukosa usingizi. Mtoto mtafutieni kitu kigumu na safi atafune, ataacha kutafuna amani yenu.

Nilipofika kwenye habari ya nyumba ya mama nililia, na sioni haya kukuambia. Mimi niko mbali, mkono wangu haufiki, na wewe umefanya lililopaswa kufanywa na sote wawili. Mungu akuzidishie. Huo mlango unaokwama, mwambie fundi aache kuuranda aangalie fremu, na ikibidi aangalie ukuta. Na zege ni baridi kwa mifupa ya mtu mzima. Mama akitandike kitambaa hicho kigoda chake.

Sasa picha zako. Nimezipanga mezani kando ya zile za miaka minne iliyopita, nikaita na mwenzangu wa chumba cha pili aje aone, nisije nikawa nimechoka macho. Kwa miaka minne, tangi la maji la kule kilimani limeonekana kushoto kwa nguzo kubwa ya umeme. Mwaka huu liko kulia. Picha zote sita, kulia. Tangi halina miguu, Bosi. Nguzo nayo haina. Kilichotembea ni kigingi.

Labda umesahau kazi ya kigingi, kwa hiyo nitakueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Mimi na baba tulikisimika kwenye ukingo wa chini wa bwawa, kikielekea maji, tukakipaka kichwa rangi nyekundu. Maana yake ni kwamba yeyote atakayepiga picha, mwaka wowote, awe mimi, wewe au mjukuu wako, atasimama pale pale na kuelekea kule kule. Hapo ndipo picha ya mwaka huu inaweza kulinganishwa na ya mwaka jana, na bwawa likipungua litaonekana limepungua. Ukihama, picha zinakuwa mapambo ya ukutani.

Matete yako ni mazuri, sikatai. Lakini hayo ni ya ukingo wa juu, na ya ukingo wa juu hayajawahi kunitia wasiwasi. Niliyotaka kuyaona ni ya upande wa chini, kwenye maji ya kina kifupi, wanakotaga vyura na wanakozaliwa kerengende. Upande huo haumo katika picha hata moja. Kuna nini huko chini?

Sitasaini. Na usinivishe kilemba cha ukoka kwa habari za dua. Rudi kwenye kigingi, piga upya, tuma.

Dada yako


25 Machi

Mtaalamu,

Shikamoo, kama wataalamu bado wanapokea shikamoo. Nyumbani wazima. Jino limetoka, la pili liko njiani.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama katikati ya mafundi na nusura niile. Kwa hiyo sasa mimi ni mwizi wa vigingi. Basi jua kwamba kigingi kiligongwa na lori la kokoto likirudi nyuma. Kikavunjika. Msimamizi wangu, yule tunayemwita Msumari, akasimika kingine, na kama amekosea hatua kadhaa ni kosa la binadamu anayefanya kazi juani, si la mtu aliyekaa kivulini akilinganisha tangi na nguzo.

Na kwa kuwa tumeanza kuulizana maswali, na mimi nina langu. Umekuja lini kuliona hilo bwawa? Baba alipofariki ulikaa siku za msiba, ukanipa kamera, ukanionyesha pa kubonyeza, ukapanda gari. Tangu hapo unaliona bwawa kwa bahasha. Mimi ndiye ninayeamka na wanunuzi mlangoni, mimi ndiye ninayempeleka mama kliniki. Kuna mwalimu mmoja ameuza kila alichonacho apate nyumba ya mstari wa mwisho, na sasa analala na wanawe kwa shemeji yake akinisubiri mimi, nami nakusubiri wewe, nawe unawasubiri vyura. Chura hana mtoto wa kupeleka shule. Kerengende hajawahi kufukuzwa na mwenye nyumba.

Watu husema penye miti hapana wajenzi. Mimi nimejenga, na anayenivunja mkono ni wa tumbo moja nami.

Saini, dada. Nakuomba kwa mara ya mwisho kwa adabu.

Salamu za mama, kama alivyozisema: "Mwambie dada yako kitambaa nimetandika. Kitanda changu kinataka kwenda dirishani, kila asubuhi nakikuta kimesogea, nimekiwekea tofali. Kigoda ndicho kisichotikisika."

Bosi


20 Aprili

Bosi,

Marahaba. Naipokea shikamoo yako hata ukiitoa kwa kusaga meno. Mpongeze mtoto kwa jino.

Naanza na mama, kwa sababu salamu zake zimenikosesha raha. Nani alichimba msingi wa nyumba ile? Mlango unaokwama hata ukirandwa, kitanda kinachosogea chenyewe upande mmoja: hiyo si tabia ya mlango wala kitanda. Nyumba inazama upande wa mbele. Wewe ni mjenzi, hili hukupaswa kuambiwa na mtu wa ndege. Ipeleke pima-maji kesho, weka sakafuni, uone. Bwawa linaweza kunisubiri, mama hawezi.

Sasa lori lako la kokoto. Unakumbuka kigingi kile kilivyosimikwa? Wewe hukuwepo, ulikuwa mjini ukitafuta wakopeshaji. Mimi nilikuwepo. Baba alichimba shimo mpaka mabega yake yakawa sawa na ardhi, akasema kitu cha miaka thelathini hakisimikwi kwa kijiko. Mama ndiye aliyekuwa anachota maji ya kukorogea zege, ndoo kwa ndoo, akimlaumu kwamba anachimba kisima. Lori likikigonga kigingi kile, lori ndilo lingeenda gereji. Kwa hiyo usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hakuna lori. Kuna mtu aliyetazama kwenye kamera, akaona kitu kisichofaa kuonekana, akazunguka bwawa mpaka akapata mahali pazuri.

Nimekasirika, Bosi, na nimejaribu kuandika barua hii mara nne nisiwe nimekasirika, nimeshindwa. Umelitumia jina langu. Ile sahihi ya wino unayoiomba kama mtu anayeomba kiberiti ndiyo kitu pekee nilichonacho. Sina nyumba, sina shamba, sehemu yangu ya urithi nilikuachia ujenge. Nilibakiza sharti moja tu, kwamba bwawa alilolipenda baba lisiguswe, na kwamba nikisema lipo, lipo. Nawe umetaka niseme lipo bila kujua kama lipo.

Wanunuzi wako nawahurumia. Huyo mwalimu hakuambiwa na mimi auze alichonacho. Aliyemuuzia nyumba kabla ya kibali ni wewe, na sasa unamtanguliza kama ngao.

Umejaza kifusi upande wa chini. Najua, kama unavyojua wewe. Nataka uniandikie kwa mkono wako kilichosimama hapo, mstari kwa mstari. Nakupa mpaka mwisho wa Mei. Baada ya hapo nitaandika ripoti kwa kile ninachokiona kwenye picha zako, na watu wa ofisi ya mazingira watakuja kuona wenyewe.

Dada


30 Mei

Dada,

Wazima. Nimekaa na barua yako mfukoni muda mrefu mpaka imeanza kuchanika.

Umetaka niandike kwa mkono wangu. Haya. Kiangazi cha mwaka jana maji yalirudi nyuma kuliko nilivyowahi kuona. Upande wa chini palibaki tope lililopasuka, matete yamelala, harufu mbaya. Nikasimama pale kwenye kigingi nikasema, hapa hapana bwawa tena, pana shimo tu, na mimi nina watu wanaotaka nyumba. Nikajaza. Malori yalikuja wiki nzima. Nikapandisha nyumba tano. Mvua ziliporudi, maji yakajaa huko juu tu, na matete yakaota vizuri, wala hukusikia kelele yoyote, kwa sababu hakuna kilichokufa mbele ya macho ya mtu. Hilo ndilo jambo lote. Sikuua mtu.

Umesema nawatanguliza watu kama ngao. Basi sikia na hili, nililolinyamazia makusudi. Nyumba ya kwanza ya mstari ule, iliyo ukingoni kabisa, ndiyo ya mama.

Nilitaka aamke afungue dirisha aone maji. Baba alimwahidi dirisha hilo tangu wanaoana, akafa hajampa. Wewe ulimpa nini? Ulimpa kitambaa cha kutandika kigodani.

Pima-maji niliipeleka. Imelala upande wa dirisha. Nimepanga kuitia nguzo chini kiangazi kikija, kabla ya hapo udongo ni laini mno. Usidhani silali kwa sababu ya meno ya mtoto peke yake.

Sasa andika ripoti yako. Andika vizuri, kwa ile sahihi yako takatifu, waje na tingatinga lao. Halafu umwandikie mama umweleze kwamba mwanawe wa kwanza amemtoa ndani kwa ajili ya mayai ya vyura.

Salamu zake safari hii sikuziomba. Lakini nilipokuwa natoka aliniita. "Umemwambia dada yako habari ya kigoda?" Nikamwambia nimemwambia zaidi ya mara moja. Akasema, "Mwambie tena."

Bosi


18 Juni

Bosi,

Mama anakalia kigingi.

Nilisoma sentensi yako ya mwisho, nikaenda kunawa, nikarudi nikaisoma tena, ndipo akili ikanijia. Kigoda cha zege kizito kisichoibika, kisichotikisika nyumba yote ikitikisika, kibarazani nyuma ya nyumba iliyo ukingoni kabisa. Mmeshindwa kuking'oa, wewe na Msumari na mashine zenu zote, kwa sababu baba alikisimika kwa miaka thelathini. Mkajenga kibaraza kukizunguka. Kibaraza kiko juu ya ardhi ya zamani, ndiyo maana kigoda hakitikisiki. Chumba cha mama kiko juu ya kifusi chako, kwenye maji, ndiyo maana kitanda kinatembea. Nyumba moja imekanyaga nchi mbili na inapasuka katikati, na mama yangu amelala upande unaozama.

Na mama anajua. Macho yake hayaoni vizuri lakini makalio yake hayajasahau zege alilolichotea maji. Tangu Februari ananiletea habari ya bwawa kwa salamu, kupitia kwako, na wewe umeziandika kwa mwandiko wako mzuri, ukacheka. Mimi nimezisoma, nikajibu habari ya kitambaa. Hatuna tofauti kubwa, wewe na mimi, na hilo linaniudhi kuliko yote.

Lakini usinidanganye kwamba nyumba ile ni ahadi ya baba. Shamba zima lilikuwa lako. Ungeweza kumjengea ukingo wa juu, kwenye ardhi ngumu, na maji angeyaona vile vile. Ulimweka mama wa kwanza kwenye mstari haramu kwa sababu ulijua nikija kuuvunja nitamkuta yeye mlangoni. Nyumba ya mgeni ningeiandika bila kupepesa macho, ulilijua hilo. Umechukua kifusi ukajazia bwawa, ukamchukua mama ukajazia kosa.

Ripoti imeondoka na gari hili hili lililobeba barua hii. Nimeandika nyumba tano, na nimeandika kwamba ya kwanza ni ya mama yangu mzazi, ili mtu asije akasema nimeficha. Nimeisaini.

Mtoe mama mle ndani. Usingoje kiangazi, usingoje mkaguzi, usingoje kuimaliza hasira yako. Mtoe leo.

Dada yako, upende usipende


2 Septemba

Bosi,

Gari limekuja na kuondoka, limekuja tena na kuondoka, halina kitu chako. Ofisi nayo kimya. Nimejaribu simu ya kule chini kwenye duka, inaita unakata. Nimejua unakata, kwa sababu simu yako haiishiwi chaji, mwenyewe hujisifu hivyo.

Nichukie, ni haki yako. Nitukane ukitaka, una kipaji. Lakini niandikie mama analala wapi. Mstari mmoja unatosha.

Dada


11 Novemba

Dada,

Shikamoo.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Kwa hiyo usisome barua hii ukadhani nimepoa. Mama analala kwangu tangu ilipofika ile barua yako ya Juni. Nilimtoa siku hiyo hiyo. Yuko chumba cha watoto, anawafundisha kunijibu.

Mkaguzi alikuja mwezi wa saba. Nilimtarajia mzee mwenye tai ambaye ningeweza kuzungumza naye. Akaja binti mmoja mwenye viatu vya mpira, ameshika picha zako za miaka minne ya kwanza. Nikaanza kumweleza habari za lori la kokoto. Alikuwa anazunguka bwawa, anaangalia picha, anaangalia tangi, anaangalia nguzo, anasogea, anasogea tena. Nami nyuma yake naongea. Akasogea hivyo mpaka akafika kibarazani kwa mama.

Na mama alikuwepo. Nyumba nimemhamisha lakini asubuhi nilishindwa kumzuia, anamshika mkono mjukuu wanakwenda pale, anakaa. Alikuwa anashona kifungo kwa kupapasa. Akasikia viatu visivyo vyangu, akauliza, "Umekuja kupiga picha?" Binti akasema ndiyo, mama. Mama akainuka, akakivuta kile kitambaa ulichomshauri atandike. Rangi nyekundu bado ipo, dada. Imechakaa pembeni, katikati ipo.

Akamwambia, "Simama hapa. Mume wangu alikisimika yeye, maji ya zege nilichota mimi. Mbele hapo palikuwa na bwawa."

Binti akasimama akapiga. Mbele ya kamera palikuwa na ukuta wa nyuma wa nyumba niliyomjengea mama, na ule ufa, ambao siku hiyo kidole gumba changu kilikuwa kinaingia. Tangi lilionekana juu ya paa, kushoto kwa nguzo. Mama hakugeuka kuniangalia hata mara moja. Amri ya ofisi ya kuvunja nyumba ilikuja baadaye kwenye bahasha, lakini mimi nilikuwa nimeshahukumiwa pale kibarazani.

Nilimuuliza tukiwa njiani kurudi nyumbani kwa nini hakuniambia mimi mwanzoni, kabla sijajenga hata tofali moja la ile nyumba. Akasema, "Niliposikia malori nilikuuliza, ukaniambia ni ya barabara. Baada ya hapo nilikuambia kila ulipokuja. Wewe ulikuwa unaandika tu."

Nyumba zote tano zimevunjwa kwa gharama yangu. Nilianza na ya mama na nilisimama hapo mpaka dirisha kubwa likaanguka. Yule mwalimu nimempa nyumba ya mstari wa pili, niliyokuwa nimejiwekea mwenyewe. Amehamia na bado hanisalimii. Kifusi tunakichimbua, malori yale yale, ila sasa yanatoka yamejaa na kuingia matupu, na Msumari anasema hajawahi kufanya kazi ya kipumbavu kama hii. Dereva wa tingatinga alitaka kuking'oa na kigingi akimalizia kibaraza. Akajaribu. Meno ya mashine yakapinda. Nilicheka, na ndiyo mara ya kwanza nacheka tangu Juni.

Picha hii nimepiga jana, nikiwa nimesimama pale. Usitafute matete, hakuna. Ni tope tupu na maji ya kujaa beseni. Mkaguzi anasema matete yatarudi yenyewe baada ya misimu miwili mitatu tukiliacha, na vyura wataamua wenyewe. Tangi liko kushoto. Angalia.

Sijakusamehe kwa kumwandika mama kwenye karatasi ya serikali, na sidhani kama umenisamehe. Lakini masharti yanasema miaka thelathini, nasi tumemaliza mitano. Imebaki ishirini na mitano ya mimi kupiga na wewe kusaini, tukiwa tunasemezana au hatusemezani.

Salamu za mama. Sasa ananifanya nizisome mbele yake kabla ya kufunga bahasha: "Mwambie dada yako ripoti yake nimesomewa yote, ni ya kweli. Mdogo wake alikihamisha kigingi ng'ambo ya bwawa. Yeye alihama ng'ambo ya dunia, akamwachia kamera. Mwakani aje apige mwenyewe. Kigoda nitampisha."

Nimeandika kama alivyosema. Sikupunguza, sikuongeza.

Bosi